Unampenda Nani Zaidi, Baba au Mama?



Kichwa cha makala haya si mzaha. Ni swali nililoulizwa mimi mwenyewe mwezi wa Agosti mwaka wa 2019, nikiwa darasa la tano, chini ya mwembe wa babu mzaa mama huko Ikutha, Kitui ya Kusini. Watu wazima waliokuwapo walikuwa kumi na mmoja. Nimewahesabu kichwani mara nyingi tangu siku ile. Upande mmoja waliketi ndugu za baba, waliovuka mto Athi asubuhi kutoka Kibwezi katika kaunti ya Makueni. Upande wa pili waliketi wajomba zangu. Mama alikuwa karibu na mlango wa jikoni, amempakata dada yangu aliyekuwa na miaka sita. Mimi nikasimamishwa katikati kama mbuzi wa mnada.

"Haya mwanangu," akasema mzee mmoja kwa upole, "sema bila uoga. Unampenda nani zaidi, baba au mama?"

Nikasema, "Baba."

Wajomba wakaguna. Mama hakusema neno. Alimfunika dada kwa leso ingawa jua lilikuwa kali. Basi shauri likaishia hapo. Wazee walisema mtoto amejichagulia mwenyewe, tena ni mvulana, na isitoshe mbuzi wa ntheo walikwisha pelekwa zamani, kwa hiyo ni wa mbai ya baba yake. Jioni ile ile nilipanda gari kwenda Kibwezi na nguo zangu ndani ya gunia dogo. Dada akabaki Ikutha.

Sasa nikwambie kwa nini nilisema "Baba". Baba alikuja amevaa shati lisilopigwa pasi. Maishani mwangu sikuwa nimemwona na shati la namna ile, maana mama ndiye aliyekuwa akimpigia pasi ya makaa kila Jumamosi. Nilipomtazama nikamwonea huruma, nikafikiri kwamba mama ana watu wengi pale na baba yuko peke yake. Hiyo ndiyo sababu yote. Sikuwa nimefikiria nitalala wapi, nitasoma wapi, wala nani ataketi na dada usiku akiota ndoto mbaya, kazi ambayo ilikuwa yangu. Lau ningeulizwa ninataka nini hasa, ningesema ninataka nisitengane na dada. Lakini hilo halikuulizwa na mtu yeyote kati ya wale kumi na mmoja.

Nasimulia haya si kwa kutaka kuhurumiwa. Katika shule yetu tuko wengi ambao wazazi wao hawaishi pamoja, na siku ya kufunga shule utasikia bwenini, "Wewe holide hii uko kwa mathe ama kwa buda?" kana kwamba ni jambo la kuuliza ratiba ya basi tu. Mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili aliponitaka niandike, niliona ni afadhali nieleze jambo ambalo nililipata kwa kuchelewa: sheria yetu inataka mtoto asikilizwe wazazi wanapoachana, lakini kusikilizwa huko si kama nilivyofanyiwa chini ya mwembe. Hata hakufanani.

Tuanze na mila, maana ndiyo iliyonivusha Athi. Kwetu Ukambani, ndoa haihesabiwi kuwa ndoa mpaka mbuzi wa ntheo wapelekwe nyumbani kwa msichana. Wakishapelekwa, watoto watakaozaliwa huhesabiwa wa mbai ya baba. Wengine husikia hivyo wakadhani mila ni ukatili mtupu. Mimi sisemi hivyo. Mila hii ilihakikisha kwamba mtoto hakosi kwao: hata baba akifa kuna ami, kuna shamba, kuna jina. Ila swali ambalo mila hujibu ni mtoto huyu ni wa nani. Haijibu swali la pili, yaani mtoto huyu atakuwa mzima wapi, na yeye mwenyewe anaonaje. Watu wakiacha kupatana, swali la pili ndilo linalouma.

Swali hilo la pili liliingia katika sheria zetu hatua kwa hatua. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, na Kenya ikauridhia Julai 1990. Kifungu cha 12 cha mkataba huo kinasema kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na kwamba maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Kifungu cha 9 nacho kinasema mtoto aliyetenganishwa na mzazi ana haki ya kuendelea kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa kama kuonana huko kutamdhuru. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka wa 1990 nao unataka maoni ya mtoto yasikilizwe katika kesi zinazomhusu.

Bunge letu lilitunga Sheria ya Watoto mwaka wa 2001, ikaanza kutumika Machi 2002. Humo mliorodheshwa mambo ambayo hakimu hana budi kuyaangalia kabla ya kuamua ni nani atakayekaa na mtoto. Nilipoisoma orodha hiyo kwa mara ya kwanza, katika nakala aliyonipa mwalimu wetu wa Historia, nilishangaa. Matakwa ya mtoto yamo. Mila za jamii yake zimo pia, kwa hiyo wale wazee hawakuwa wamebuni kitu. Lakini hata hali ya ndugu za mtoto huyo imo! Yaani hakimu anatakiwa aulize kuhusu dada yangu. Tena hakuna jambo katika orodha hiyo, iwe ni mila au hata matakwa ya mtoto mwenyewe, linaloshinda peke yake. Juu ya yote yako maslahi bora ya mtoto.

Katiba ya 2010 ikaliweka jambo hili mahali ambapo halichezewi. Ibara ya 53 inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba mama na baba wana wajibu ulio sawa juu yake, wawe walioana au hawakuoana. Hilo lilikuwa geni, kwa sababu Sheria ya 2001 ilikuwa imemtwika mama peke yake wajibu wa kwanza pale ambapo wazazi hawakuoana. Ibara hiyo hiyo inasema maslahi bora ya mtoto ni jambo la kutangulizwa katika kila shauri linalomhusu. Sheria mpya ya Watoto ilikuja Julai 2022, ikachukua nafasi ya ile ya 2001, na nafasi ya mtoto kutoa maoni ikabaki.

Kwa hiyo ukiulizwa na mtu, "Mtoto ana haki ya kuchagua mzazi?" jibu ni hapana. Ana haki ya kusikilizwa. Muhula uliopita tulikuwa na mjadala chamani, hoja ikiwa mtoto wa miaka kumi na minne aruhusiwe kuchagua mzazi wa kuishi naye. Upande wa kuunga hoja ulitutolea mfano wa jimbo la Georgia kule Marekani, na ni kweli: huko mtoto aliyetimiza miaka 14 anaweza kuchagua, na hakimu hufuata chaguo lake asipoona kwamba litamdhuru. Makofi yalipigwa mpaka madirisha yakatikisika. Mimi nilikuwa upande wa kupinga, tukashindwa vibaya. Hata hivyo bado sijabadili msimamo. Wenzangu waliopiga makofi wengi wao wanaishi na wazazi wote wawili. Aliyewahi kulitamka jina la mzazi mmoja mbele ya yule mwingine hapigi makofi upesi hivyo.

Basi mtoto husikilizwa vipi kama si kwa kuulizwa achague? Hapa nitaeleza niliyoyaona kwa macho.

Pale Kibwezi sikuteswa. Baba alinipenda na bado ananipenda. Lakini shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sisi wa darasa la sita tulikaa nyumbani hadi Januari 2021, na muda wote huo sikumwona dada. Mwanzoni tulikuwa tukiongea kwa simu kila jioni. Kisha ikawa mara moja kwa wiki. Krismasi baba alimpigia mama ili tusalimiane, dada akapewa simu, nikamsikia anapumua, halafu akamrudishia mama bila kusema kitu. Siku ile sikula wali.

Mwanzoni mwa 2021 mama alikwenda kwa afisa wa watoto. Maafisa hawa wako katika kaunti ndogo, chini ya Idara ya Huduma kwa Watoto, na huhitaji kuwa na wakili ili kuwaona. Baba aliitwa, nami nikaletwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa lile swali la mwembe. Njia nzima nilikuwa nikifanya hesabu ya nani nitamuumiza safari hii.

Afisa yule, mama wa makamo mwenye miwani, aliwaomba wazazi wangu wakae nje kwenye benchi. Akafunga mlango. Hakuuliza nampenda nani. Aliniuliza naamka saa ngapi. Nani hupika uji. Shule iko umbali gani na huenda na nani. Nikiugua huwa namwambia nani kwanza. Nikiwa kwa baba namkosa nani. Nikiwa kwa mama namkosa nani. Hapo kwenye "namkosa nani" nikalia kama mtoto mchanga, nikamweleza habari za dada. Kabla sijatoka akaniambia maneno ambayo sitayasahau: "Wewe hujaamua kitu hapa. Umenieleza tu unavyoona. Kuamua ni mzigo wetu sisi watu wazima, usiubebe."

Msomaji, mzigo uliniondoka mabegani kweli kweli.

Nilimwambia pia kwamba nataka baba na mama warudiane. Aliliandika hilo katika faili yake kama alivyoandika mengine, kisha akasema hakuna mtu katika ofisi ile mwenye uwezo wa kulifanya. Nilikasirika. Leo naona aliniheshimu kwa kutonidanganya.

Wazazi wakaandikiana mapatano: mimi na dada tukae pamoja Ikutha siku za shule, nusu ya kila likizo tuwe Kibwezi, baba alipe karo na kuleta chakula, na Jumapili jioni simu isizimwe na mtu. Baba alitia sahihi huku ameinamisha kichwa. Sitaki kuandika hapa kwamba alifurahi. Njiani aliniambia, "Nilidhani ulinichagua." Sikuwa na jibu, na mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu kwa niaba yake, maana yeye naye aliliamini neno lililotolewa chini ya mwembe.

Wazazi wasipopatana kwa afisa, shauri huenda katika Mahakama ya Watoto. Usifikirie jengo la peke yake. Ni hakimu aliyeteuliwa kusikiliza mambo ya watoto katika mahakama zetu za kawaida, kama ile ya Kitui mjini au ya Wote. Watu wasiohusika hawaruhusiwi kuingia, na majina ya watoto hayatangazwi. Hukumu zikichapishwa utaona herufi za mwanzo tu. Hakimu anaweza kumwagiza afisa wa watoto atembelee nyumba zote mbili na kuandika ripoti, na anaweza pia kuzungumza na mtoto faraghani, wazazi wakiwa nje. Kwa muda mrefu mahakama za Kenya zimekuwa zikiwaacha watoto wadogo kwa mama, isipokuwa pawe na sababu nzito. Ile Sheria ya 2001 ilimwita mtoto wa chini ya miaka kumi mtoto wa umri mdogo. Kadiri mtoto anavyokua, neno lake huzidi kuwa na uzito.

Lakini uzito hauji kwa umri peke yake. Hakimu au afisa mwerevu huchunguza neno limetoka wapi. Kuna watoto wanaolishwa maneno. Utamsikia wa miaka saba anasema, "Baba hawajibiki," neno ambalo hata kulitamka linamshinda! Kuna wanaonunuliwa: mzazi mmoja ana televisheni kubwa na simu ya kuchezea, mwingine ana jembe na ndoo ya kutekea maji. Nani atashangaa mtoto akichagua televisheni? Na kuna sisi tuliosema jina kwa ajili ya huruma. Ndiyo maana swali la "nani zaidi" halifai. Linamtaka mtoto atoe hukumu badala ya habari, na habari ndiyo inayohitajiwa.

Upande wa pili, wako watoto ambao matakwa yao ni ya kuchukuliwa kwa uzito mara moja. Mtoto akisema hataki kwenda mahali fulani kwa sababu anapigwa, au kwa sababu kuna mtu anayemgusa vibaya, hapo si suala la mapenzi kwa mzazi huyu au yule. Hilo halingoji kikao cha ukoo. Mwambie mwalimu unayemwamini, au afisa wa watoto, au chifu, au piga nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Kenya.

Na mtoto asiyetaka kusema chochote? Nilifurahi kujua kwamba hata huyo amefikiriwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ule mkataba ilitoa ufafanuzi mwaka wa 2009 kwamba kutoa maoni ni hiari ya mtoto, si lazima. Pia ilisema hakuna umri maalumu wa kuanzia kusikilizwa. Hata mtoto asiyejua kuongea vizuri huonyesha anachotaka kwa mchezo, kwa uso, kwa michoro. Dada yangu aliyenirudishia simu bila neno alikuwa ametoa maoni yake waziwazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasoma.

Kwa walimu wetu ninalo ombi dogo, nalisema kwa heshima. Fomu nyingi za shule zina mstari mmoja wa jina la mzazi. Sisi wengine huujaza tukijisikia kama tuko chini ya mwembe tena. Mstari wa pili hautagharimu wino mwingi.

Sasa nimalizie habari za nyumbani. Dada yuko Gredi ya Saba. Amekuwa mrefu kunizidi mabega, anacheza mpira wa wavu, na shangazi yetu anayeishi Kibwezi ndiye aliyemfundisha. Mwezi wa Februari alitwambia kwamba anataka kuhamia kwa baba asomee kule. Mama alinyamaza siku mbili. Mimi nami, niliyeandika kurasa zote hizi, nilipompigia Jumapili ile neno la kwanza lililonijia kinywani lilikuwa, "Kwani unampenda baba zaidi?" Nilijiuma ulimi likiwa limefika kwenye meno. Nikamuuliza kule atalala wapi, ataenda shule na nani, na akiwa kule atamkosa nani. Tuliongea mpaka salio likaisha.

Mapatano yale ya 2021 yanaweza kubadilishwa, kwa hiyo wazazi wamekubali tuketi tena, safari hii bila ukoo mzima, Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa. Nimeombwa niwepo. Dada ameniambia nije, ila nisimsemee.